Kalibu Ibaki Dodoma



Nimeombwa nieleze jinsi sanamu ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, inavyotengenezwa kwa kalibu, au moldi kama tunavyosema karakanani. Nitaeleza, tena nitashuka hadi kwenye ndoo na brashi. Lakini nina hoja ambayo ningependa muwe nayo tangu mwanzo. Katika kazi hii kitu chenye thamani kuliko vyote ni kalibu. Sanamu inayofunuliwa kitambaa mbele ya wageni ni nakala iliyotoka humo. Aliyebaki na kalibu ndiye aliyebaki na kazi, na mji unaolipia sanamu bila kuuliza kalibu iko wapi umelipa bei nzima ukaondoka na nusu.

Nalisema hili hapa Mtumba, Dodoma, kwa sababu hapa ndipo linapohitajika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na Mji wa Serikali hapa Mtumba ukazinduliwa tarehe 13 Aprili 2019 na Rais John Magufuli. Wizara zimejengwa, barabara zimechorwa, miti inaoteshwa. Hivi karibuni yatakuja maswali ya bustani na mizunguko ya barabara: nani asimame pale katikati, atengenezwe kwa kitu gani, na atengenezwe na nani?

Dar es Salaam ilijibiwa maswali hayo na wengine. Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 ikazinduliwa Sanamu ya Askari tunayoijua, kazi ya James Alexander Stevenson, iliyomiminwa kwa shaba Uingereza. Mimi huipenda sanamu ile. Mwendo wa yule askari, bunduki ilivyoelekezwa mbele, uzito ulivyoegemea mguu mmoja, vyote vimefanywa na mtu aliyejua kazi. Ila ilikuja kwa meli ikiwa imekamilika, na ujuzi wa kuitengeneza ukabaki ilikotoka. Kampala walipopata uhuru mwaka 1962 mambo yalikwenda vingine. Mnara wao wa Uhuru ni kazi ya Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesomea sanaa Makerere na baadaye akafundisha hapo hapo, na aliutengeneza kwa saruji. Pale ujuzi ulibaki, kwa sababu mikono ilikuwa ya huku kwetu Afrika Mashariki.

Kwa nini basi nipendekeze faiba? Tufanye hesabu. Mtu mwenye kimo cha mita 1.7 ana ngozi yenye eneo la mita za mraba 1.8 hivi. Mkuzeni afike mita 3, eneo hilo linakuwa kama mita za mraba 5.6. Faiba ya unene wa milimita 4 kwa eneo hilo ina uzito wa kilo 34 hivi. Shaba ya unene wa milimita 5, kwa umbo hilo hilo, inakaribia kilo 250. Ongezeni nguo za sanamu, kiunzi cha chuma cha ndani na bolti, bado sanamu ya faiba itapakiwa kwenye gari na watu wachache wasiokodi winchi. Na ili kumimina shaba kubwa mnahitaji tanuri, kreni na watu waliobobea katika kuyeyusha metali. Faiba inahitaji kivuli, mizani, na nidhamu.

Nidhamu hiyo tunayo tayari, ila hatujaiita sanaa. Pwani na katika maziwa yetu zinatengenezwa boti za faiba. Na hapa Dodoma, nyumba zinavyoota kila mtaa, nendeni mkakae saa moja kwa fundi wa mikanda ya jipsamu. Anapaka kalibu mafuta, anakoroga jasi, anaimwaga tabaka la kwanza, anatandaza nyuzi za katani, anamwaga tena, analainisha mgongo kwa ubao. Muda si mrefu anapiga kalibu vikofi viwili vitatu na mkanda unatoka na maua yake yote. Mara nyingi kalibu anayotumia ni ya faiba. Kijana huyo anajua umbo linavyogeuzwa, penye bonde pakawa mlima. Anajua nyuzi zinavyoshika kitu kisivunjike. Anajua kwa nini kona kali hukatalia ndani. Jasi yenyewe inachimbwa Itigi, jirani zetu wa Singida, kwenye reli hii hii ya kati. Nikiambiwa nichague wanafunzi wa uchongaji wa sanamu za mji huu, nitaanzia kwake.

Sasa tuingie kazini, na tuwe na sanamu mahususi akilini. Ningependa kuona katika mzunguko mmojawapo wa barabara wa hapa mama wa Kigogo akipiga ngoma ya muheme. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa kijiji cha Doduma, aliupeleka muziki wa Wagogo mbali sana kwa zeze na ilimba, hadi alipotutoka mwaka 2003, na jina lake linajulikana. Wanawake wa muheme hawajapata heshima ya namna hiyo, ilhali ngoma zao ndizo zinazokusanya watu. Mnawajua wanavyosimama: ngoma imebanwa katikati ya mapaja, nyembamba kiunoni na pana juu na chini, mikono yote miwili iko juu ya ngozi, shanga zimejaa shingoni.

Kwa mtengeneza kalibu, umbo hilo ni mtihani. Faiba ikishaganda haipindi. Kalibu ya faiba au ya jasi nayo haipindi. Vitu viwili vigumu vikinasana, kimoja lazima kivunjike. Kwa hiyo kabla ya kugusa resini fundi huizunguka sanamu yake ya udongo na kuuliza kila sehemu: kipande cha kalibu kitakachokaa hapa kitatokea upande gani? Nyuma ya kiwiko, chini ya kidevu, katikati ya vidole, ndani ya paja linalokumbatia ngoma, kote huko kunanasa. Mimi kwa mama huyu ningeitengeneza ngoma peke yake, kwa kalibu ya nusu mbili zinazokutana wima, maana kiuno chake chembamba hakitatoka kwa njia nyingine. Mikono ningeikata penye bangili. Kichwa ningekikata chini ya shanga. Mstari wa kuunganishia hauwezi kukosekana, lakini unaweza kupelekwa mahali ambapo jicho tayari linategemea kuona mstari. Uamuzi huo ni wa kisanaa sawasawa na uamuzi wa sura, na hufanywa kwenye udongo, siku ambayo hakuna mgeni rasmi.

Udongo wenyewe husimama juu ya kiunzi cha nondo na wavu. Kiangazi chetu hakiusamehe. Ukiuacha wazi mchana mmoja wa Septemba, upepo unaupasua. Funikeni kwa magunia mabichi kisha nailoni, na mwagieni maji hata siku ambayo hamfanyi kazi.

Udongo ukikamilika, njia zinagawanyika, na hapa naomba wanaohusika na manunuzi wasikilize kuliko wasanii. Njia fupi ni kalibu ya kuvunja. Unachomeka vipande vyembamba vya bati kwenye udongo kufuata mistari ya mgawanyo, unarusha jasi, unaigawa, unatoa udongo, unaikausha, unalaza faiba ndani, halafu unaibomoa jasi kwa patasi mpaka sanamu itokee. Mafundi wa zamani hutia rangi tabaka la kwanza la jasi. Mimi hutumia buluu ya kufulia. Patasi inapofika kwenye ubuluu, mkono unajua ngozi ya sanamu iko karibu na unapunguza nguvu. Njia hii ni nzuri na ni rahisi, lakini mwisho wake una sanamu moja na rundo la vifusi. Hakuna kilichobaki.

Njia ndefu huanza hivyo hivyo, ila kwenye ile kalibu ya kuvunja unamimina jasi, unapata sanamu ya jasi, na hiyo unaipiga msasa kwa subira hadi uridhike. Juu yake ndipo unapojenga kalibu ya kudumu, kipande kwa kipande, kwa faiba nene kuliko sanamu itakayokuwa, kila kipande kikiwa na masikio ya kutobolea bolti na vinundu vinavyoingia kwenye vishimo vya jirani yake ili visikosane hata kwa unywele. Sehemu zenye nakshi nyingi, kama zile shanga, unazifanyia ngozi ya mpira wa silikoni inayovikwa ganda gumu kwa nje. Silikoni ni ghali, lakini hujivua yenyewe penye kunasa. Kalibu iliyotengenezwa hivi itatoa sanamu leo, na nyingine baada ya miaka kumi.

Tofauti ya bei kati ya njia hizi mbili ni ya kweli, na ndiyo inayowaponza wanunuzi. Zabuni ikisema tu "sanamu moja, mita 3, faiba", fundi mwenye njaa atachukua njia fupi, na hatakuwa amemdanganya mtu.

Kalibu ikiwa tayari, inapakwa nta, inasuguliwa, inapakwa tena mara kadhaa, kila mara ikipewa muda wa kukauka. Juu ya nta hupakwa dawa ya majimaji inayoacha utando mwembamba wa kuachanisha. Kama kalibu ni ya jasi, iwe imekauka hadi ndani na kuzibwa kwa vanishi, kwa sababu unyevunyevu wa jasi huizuia resini kuganda vizuri. Halafu linakuja jelikoti, resini nzito yenye rangi, kwa unene wa nusu milimita hivi. Hiyo ndiyo ngozi ya sanamu. Mchonga mpingo huanza nje akielekea ndani, akiona kila anachokipunguza. Sisi tunaanza na ngozi tukielekea ndani, na uso wa mama wa muheme tunaupaka tukiwa upande wa nyuma yake. Povu moja la hewa lililoachwa kwenye kope leo litaonekana siku ya kufungua, na siku hiyo ni kujaza na kupiga msasa, kope haitarudi ilivyokuwa.

Subirini jelikoti ligande nusu. Gusa kwa kidole: likinata bila rangi kubaki kidoleni, wakati umefika. Ukiwahi, resini ya tabaka linalofuata italikunja. Kisha mkeka mwepesi wa faiba, upigwe kwa ncha za brashi uingie kila kona, halafu mikeka ya gramu 300 na gramu 450 kwa mita ya mraba. Kwa kilo moja ya mkeka, resini kilo mbili na nusu hivi. Rola ya chuma yenye mifereji hufukuza hewa. Penye weupe pana nyuzi kavu, na nyuzi kavu hazina nguvu yoyote.

Dodoma ina tabia zake, na karatasi za maelekezo zinazokuja na madebe ya resini hazikuandikwa kwa ajili yetu. Hadna, dawa ya kugandisha resini, huwekwa asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini. Mwezi wa Oktoba, mchana joto likipita nyuzi 30, fundi anaona resini inaganda kwenye brashi, na kishawishi kinachomjia ni kupunguza hadna chini ya asilimia 1. Asikubali. Resini iliyonyimwa hadna haigandi hadi mwisho. Itabaki laini ndani, na jua litakuja kuifichua. Badilisheni saa, msibadilishe kipimo. Oktoba na Novemba kazi ianze alfajiri na ikome kabla ya saa nne. Julai fanyeni kinyume chake: alfajiri za Dodoma hushuka chini ya nyuzi 15, na resini nyingi hulala usingizi katika baridi hiyo, kwa hiyo ngojeni jua lipande. Korogeni kidogo kidogo, mmimine kwenye sinia pana. Resini yenye hadna ikikaa nyingi ndani ya ndoo moja hujipasha moto yenyewe, inatoa moshi, na inaweza kuwaka. Na kuhusu upepo wetu wa kiangazi, zungusheni turubai na mwagieni sakafu maji mapema, kwani vumbi likitua kati ya tabaka na tabaka, mmeunganisha sanamu na vumbi.

Kuhusu afya sitapitia haraka. Harufu ile kali ya resini ni staireni, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Inahitajika barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na chumba kinachopitisha hewa. Hadna ikiingia jichoni inaweza kupofusha, hivyo miwani ni lazima kwa kila anayeishika. Hadna na ile dawa ya kuharakisha, kobalti, zisichanganywe moja kwa moja kamwe, kwa maana zinaweza kulipuka. Kila moja huchanganywa kwenye resini kwa wakati wake. Asetoni ya kusafishia brashi hushika moto kwa cheche ndogo. Niki de Saint Phalle, msanii wa Kifaransa aliyetengeneza wanawake wakubwa wa rangi za kung'aa, aliugua mapafu kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe aliyahusisha maradhi hayo na poliesta aliyoifanyia kazi. Luis Jiménez wa Marekani, bingwa wa sanamu za faiba, alikufa mwaka 2006 karakanani kwake baada ya kipande cha farasi mkubwa aliyekuwa akimtengenezea uwanja wa ndege wa Denver kumwangukia. Wepesi wa faiba huwafanya watu wasahau kwamba kitu cha karibu mita 10 kikiwa na chuma ndani ni mzigo unaoua. Mkurugenzi anayetoa zabuni bila fungu la barakoa, glavu na winchi ameiweka gharama hiyo kwenye mapafu na mifupa ya vijana wetu.

Nusu za sanamu zikishaganda, zinakatwa kingo zikiwa bado ndani ya kalibu, kalibu inafungwa kwa bolti, na mshono unawekwa mkeka kwa ndani, mtu akipenyeza mkono kwenye uwazi wa chini. Kiunzi cha chuma kinaingia wakati huo, kimepakwa rangi ya kuzuia kutu, na kinashikizwa kwenye faiba kwa vipande vipana ili upepo usielekeze nguvu zote mahali pamoja. Acheni matundu chini ya nyayo, hewa ya moto na maji ya mvua vipate njia. Kisha rangi. Jua la nyanda hizi za juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hulichujua jelikoti la kawaida hadi likatoa unga mweupe kama chaki. Tumieni jelikoti lenye kinga ya jua, au rangi ya mchanganyiko wa dawa mbili kama ya magari, na pangeni tangu mwanzo kuipaka upya.

Nirudi sasa kwenye kalibu. Mkataba wa sanamu ya Mtumba useme wazi kwamba kalibu ni ya kudumu na kwamba ni sehemu ya kazi inayokabidhiwa. Useme itahifadhiwa wapi, na pawe Dodoma. Useme nakala ngapi zinaruhusiwa, kila moja ikiwa na namba yake upande wa ndani wa unyayo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda sanamu kama kazi ya sanaa, kwa hiyo kumiliki kalibu si kibali cha kutoa nakala. Mji ushike kalibu, msanii ashike haki yake, na kila nakala mpya imlipe. Nimesikia watu wakisema mpango huo utawafukuza wasanii. Wasanii ninaowajua wanafukuzwa na kitu kingine: kuona sura waliyoihangaikia ikitolewa tena na mtu mwingine, kwa kalibu iliyochukuliwa kinyemela, ikiwa na rangi mbaya na bila jina lao.

Kuihifadhi si kazi kubwa. Kalibu ikaushwe, ipakwe nta, vipande vyake vifungwe pamoja kwa bolti zake, kwa sababu kipande kikikaa peke yake hujipinda na hakitarudi kukutana na mwenzake. Iwekwe kivulini, ikiwa imeinuliwa kutoka sakafuni. Chumba kimoja cha chuo au cha halmashauri kinatosha kwa kalibu za sanamu zote ambazo mji huu utazihitaji kwa muda mrefu, na wanafunzi wapate kuja kuzifungua, wazichungulie kwa ndani, waone alivyofikiri aliyewatangulia alipofika nyuma ya sikio.

Lori litakapokuja kumgonga mama wetu wa muheme pale kwenye mzunguko, fundi atakayeitwa kumtengeneza huenda leo yuko shule ya msingi hapa hapa. Atahitaji kalibu, na atahitaji daftari: aina ya resini, asilimia ya hadna na saa tuliyoanza kazi, idadi ya mikeka, namba ya rangi, mchoro wa kiunzi, na majina ya wote walioshika brashi. Daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili, litiwe kwenye mfuko wa nailoni, na lifungiwe ndani ya kalibu kabla ya kukaza bolti ya mwisho.